Maji ya Kijani Picha ya Ndege

Niliporudi kutoka hospitali, nyumbani kwangu mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, bila mguu wa kushoto, nilikuta sebule imejaa ndugu na uamuzi umeshapitishwa. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alikuwa ametoka Kisarawe asubuhi na mapema. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, na nilipoiona nilijua kuna jambo rasmi. Nikakalishwa kwenye kochi kama bwana harusi. Mto ukawekwa chini ya kile kipande cha mguu kilichobaki. Chai ikaletwa. Halafu kaka akakohoa.

"Mdogo wangu, tumekaa, tumezungumza. Utarudi nyumbani Kisarawe, wewe na shemeji yangu. Kwangu kuna chumba cha uani. Hii nyumba tutaipangisha. Wewe utapumzika."

Alilitamka neno hilo, kupumzika, kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniudhi. Kichwani nilikuwa sijaota hata mvi za kutosha. Kisukari kilikuwa kimenila mguu kuanzia kwenye kidonda kidogo cha kiatu cha kazi, daktari akakata chini ya goti, basi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebaki.

"Sihami," nikasema.

"Sasa utafanya nini hapa? Gari huendeshi tena. Utakaa kutwa unatazama ukuta?"

Ndugu wote wakanigeukia. Nikatoa jibu lililokuwa karibu na ulimi.

"Nitafuga samaki."

Uso wa kaka ukalegea kwa furaha. "Hilo si baya! Kule kwetu eneo lipo, tunachimba bwawa, tunaweka perege..."

"Si perege. Samaki wa baharini. Hapa hapa sebuleni, ndani ya kioo."

Mtu mmoja akacheka jikoni, akajifanya anakohoa.

Wazo lenyewe nilikuwa nalo siku nyingi. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeendesha lori la samaki, nikiwatoa pwani ya kusini kuwaleta Dar, mara nyingine nikiwapandisha mpaka Morogoro na Dodoma. Samaki niliowafahamu mimi walikuwa wamelala kwenye barafu, macho yameingia ukungu, rangi imewatoka. Changu, tasi, kolekole, wote mwisho wa safari walikuwa wa kijivu. Siku moja, nikisubiri kushusha mzigo kwa tajiri mmoja wa samaki, niliona pale mapokezi tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Ndani yake kulikuwa na kisamaki kisichofika hata urefu wa kidole gumba, cha bluu iliyokolea, mkia wa njano. Kilikuwa kinalinda tundu lake kwenye jiwe. Kila aliyesogea kilimfukuza, hata kidole changu nilichokiweka nje ya kioo kilikikimbilia kwa vita. Nilisimama pale mpaka nikaitwa mara ya pili. Nilikuwa nimebeba samaki tani kwa tani, na sikuwahi kumwona hata mmoja akiwa na hasira.

Mke wangu hakunipinga mbele ya watu. Alisubiri waondoke, akakusanya vikombe, ndipo akaniuliza kama nilikuwa nimesema kweli au nilitaka tu kumnyamazisha kaka.

"Vyote viwili," nikamjibu.

"Haya. Ila lisije likaninukia ndani."

Ruhusa niliyopata ilikuwa hiyo, nikaishika.

Tangi lilitengenezwa na fundi wa vioo na alumini hapo barabarani, ambaye kazi yake ilikuwa madirisha na yale makabati ya kioo ya kuwekea maandazi. Hakuwahi kutengeneza kitu cha kukaa maji. La kwanza lilivuja kwenye pembe zote. Akakuna kichwa, akabandua, akabandika upya, na safari hii tukalijaza maji pale pale nje ya kibanda chake, wapita njia wakituuliza tunauza nini. Halikuvuja. Maji ya bahari aliniletea utingo wangu wa zamani, mtu mzima sasa, ambaye ndiye aliyerithi usukani wa lori langu. Aliyachota upande wa Bagamoyo bahari ikiwa imejaa, akayapakia kwenye madumu na kuyaleta mpaka mlangoni kwangu, akiniita "suka" kama zamani, kana kwamba bado ni mimi dereva na yeye ndiye anayeruka chini kuweka vigingi kwenye matairi. Mawe yalikuwa matumbawe makavu, yale yanayojengewa nyumba za pwani. Niliyaosha na kuyaloweka mpaka mikono ikakunjamana. Pampu, taa na chujio vilitoka Kariakoo.

Nikaliweka tangi chini ya dirisha la mbele. Nilifanya hivyo makusudi. Nilitaka kila anayepita uchochoroni kwetu, kila aliyesikia kwamba dereva wa lori amekatwa mguu na sasa amekwisha, aone maji ya bahari yanang'aa sebuleni kwangu.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba maji mapya hayawekwi samaki haraka. Lazima kwanza viote vijidudu vya kula uchafu, visivyoonekana kwa macho, nawe unasubiri tu. Nikasubiri. Kisha utingo akaleta samaki wawili wa bluu kwenye mfuko uliojazwa hewa. Wakajificha nyuma ya jiwe na wasitoke. Nikawawekea chakula ili watoke. Hawakutoka. Nikaongeza.

Mwani ulianza kama vumbi. Asubuhi moja nilikuta mchanga na mawe yamepakwa kitu cha kahawia, laini, kama mtu amepitisha chujio la kakao juu ya maji. Nikapangusa. Jioni kikarudi. Nikapangusa tena. Tukaendelea hivyo, mimi na kitambaa, chenyewe na subira yake, mpaka siku moja rangi ya kahawia ikapungua nikadhani nimeshinda. Chini yake kulikuwa na kijani. Mwanzoni kilikuwa kama kivuli tu kwenye kioo cha upande wa dirisha. Halafu kikatoa nyuzi. Nyuzi zikarefuka. Mawe yangu yakaota ndevu, kila jiwe mzee wa msikitini, na ndevu zile zikawa zinapepea kwa mkondo wa pampu. Maji nayo yakashika rangi ya maji ya kuchemshia mboga. Muuza chipsi wa jirani alichungulia dirishani akaniuliza kama mchicha wangu umeshakomaa, anunue.

Samaki mmoja akafa. Nilimkuta amebanwa na nyuzi nyuma ya jiwe, bluu yake imeanza kuwa kijivu. Kijivu kile nakijua vizuri sana. Nilikaa naye mkononi muda mrefu kuliko ilivyostahili kwa samaki wa ukubwa ule.

Siku zile zile ndipo kaka alipokuja tena, na safari hii hakuja peke yake.

Nilikuwa kwenye kochi, mguu wa bandia niliopewa hospitali ukiwa uvunguni mwa kitanda nilikoutupa kwa sababu uliniumiza. Nikasikia hodi. Kaka akaingia na bwana mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, ameshika bahasha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Huyu bwana amehamishiwa kazi Kibaha, anatafuta nyumba. Nikamwambia aje aitazame tu. Kutazama si kuhama."

Yule bwana hakujua kwamba mwenye nyumba sijakubali. Nilimwona anavyozungusha macho kwenye dari, kwenye madirisha, kwenye sakafu, kama mtu anayepanga makochi yake. Kisha macho yakatua kwenye tangi, yakagoma kuondoka. Kaka naye akaligeukia. Akasogea karibu, akainama, akayatazama maji ya kijani na zile ndevu, akanyanyuka taratibu.

"Hata maji yamekushinda, mdogo wangu," akasema. Hakusema kwa dharau, nasema ukweli. Alisema kwa huruma. "Sasa unang'ang'ania nini?"

Nikachukua magongo. Ilinichukua muda kusimama, wote wakasubiri, na kaka akanyoosha mkono kunishika nikauepuka. Nilipokuwa wima nilimgeukia mgeni.

"Bwana, karibu sana chai. Lakini nyumba hii haipangishwi. Ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu unayemwona."

Mtu wa watu alichanganyikiwa. Akaomba radhi mara kadhaa, akasema hakuambiwa, akanywa chai ya moto kwa haraka mpaka nikamhurumia ulimi wake, akaaga. Kaka akabaki amesimama katikati ya sebule.

"Umeniaibisha mbele ya mtu."

"Wewe umeniletea mtu kunipimia nyumba nikiwa hai."

"Nani atakutunza hapa? Yeye?" Akamwonyesha mke wangu, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kijiko mkononi.

"Mimi shemeji sijasema nimechoka," mke wangu akajibu. "Siku nikichoka nitasema mwenyewe."

Kaka akavaa kofia yake, akaondoka bila kumaliza chai. Ikabaki sauti ya pampu tu. Hasira yangu yote ikageukia lile tangi. Kama maji yamenishinda, nilijiambia, basi yanishinde nikiwa ndani yake.

Kesho yake nilivua shati, nikakaa kwenye kigoda mbele ya tangi na kuanza kung'oa zile nyuzi kwa vidole, moja moja, nikizitupa kwenye beseni. Mke wangu akaja akavuta kigoda kingine. Yeye ni mtu wa Mlandizi, amekulia kwenye mashamba ya bonde la Ruvu. Akatazama beseni likijaa.

"Kwetu bondeni," akasema, "mbolea ikizidi shambani na mvua ikaishusha kwenye mfereji, mfereji unaziba kijani hivi hivi. Wewe umeweka maji juani, ukatia mbolea, halafu unakasirika yameota."

"Mbolea gani niliyotia?"

"Hicho chakula unachomwaga kutwa. Samaki mwenyewe mmoja, chakula cha harusi. Na hayo maji ya kisima unayoongezea maji yakipungua. Hujaona ndoo yetu ya kisima ikikaa juani inavyoteleza?"

Niliudhika kwanza, kwa sababu nilikuwa na simu iliyojaa video za wazungu wanaoeleza habari hizo hizo kwa maneno marefu, na sikuwa nimeelewa. Halafu nikatazama dirisha. Nyuzi zilikuwa nene zaidi upande ule ule lilikoingilia jua. Nilikuwa nimeliweka tangi pale ili watu wanione mimi, na mwani ndio uliofaidi.

Utingo alikuja na wenzake wawili. Tukapunguza maji kwenye madumu, wakalibeba tangi mpaka ukuta wa ndani, mbali na dirisha, mimi nikitoa amri kutoka kwenye magongo kama mtu anayeongoza lori linalorudi nyuma. Maji ya kisima tukayaacha. Kila yalipopungua niliongezea maji ya kunywa yaliyochujwa, yale ya madumu makubwa ya dukani. Chakula nikakipunguza mpaka kikawa chembe. Nikafunika tangi zima kwa blanketi na vitenge vya mke wangu, mwani ukae gizani ukose nguvu. Umeme ulipokatika na pampu ikazima, niliinua pembe ya kitenge, nikachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili samaki apate hewa, nikachota, nikamwaga, mkono ukafa ganzi, nikahamia mkono mwingine. Walikuwepo walioshauri nitie dawa ya kufulia kidogo tu, iue kila kitu. Nikawaambia hapa anaishi mtu.

Tulipofunua, nyuzi zilikuwa zimenyong'onyea na kupauka. Nilishangilia mapema. Wiki chache baadaye zilirudi, si nyingi kama mwanzo lakini zenye kiburi, na safari hii zilijikita nyuma ya jiwe kubwa, kwenye kona ya ukutani ambako nikiwa nimekaa mkono haukufika.

Nikaenda chumbani, nikauvuta ule mguu wa bandia kutoka uvunguni. Nikaufunga. Uliuma kama siku ya kwanza. Nikarudi sebuleni nikasimama mbele ya tangi, bega limezama majini, shavu limegusa taa, nikaifikia ile kona. Niling'oa nilichoweza mpaka maumivu yakanikalisha. Siku iliyofuata nikasimama tena. Mke wangu alipita na ufagio, akaniona nimesimama wima na jasho linanitoka. Aliondoa tu mkeka pale nyuma yangu nisije nikateleza.

Wageni wanaokuja siku hizi hupenda kuniambia kwamba samaki wale ndio walionitibu, wamenirudishia mguu, wamenipa amani. Nakataa. Mguu haujarudi, na ule wa plastiki bado unanichubua siku za joto. Amani sijapata wala sikuitafuta. Nilisimama pale kwa ubishi mtupu, kwa sababu kuna uchafu ulikuwa kwenye kona na mtu alikuwa amesema umenishinda. Watu wanataka mgonjwa awe mpole. Wanataka akae dirishani ashukuru. Mimi nilitaka kona ile iwe safi.

Utingo aliniletea konokono wa miambani, wenye magamba ya mviringo kama vilemba, na hao ndio walionisaidia kuliko kitambaa. Walitambaa mchana kutwa wakiramba kioo, wakiacha nyuma yao njia nyembamba zilizo safi, kama barabara mpya kwenye ramani. Niliwatazama kama mtu anavyotazama mpira. Polepole mawe yalibadilika rangi. Kwenye jiwe moja kikatokea kitu cha waridi, kigumu, kama rangi iliyokauka, nikashtuka nikidhani ni adui mwingine. Nikaja kujua kwamba huo nao ni mwani, wa aina nyingine, ule unaoonyesha kwamba maji yameanza kutulia. Samaki wangu wa bluu akatoka mafichoni. Akachagua tundu, na nilipoingiza mkono kusafisha, akanijia kwa kasi na kunigonga kidole. Nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuona kuna nini.

Kijani hakijaisha. Kioo cha nyuma nimekiachia kiwe na kijani chake, vinginevyo konokono watakula nini? Ila cha mbele ni changu.

Mvua za vuli zilipokwisha, nilimwambia mke wangu nataka kwenda Kisarawe. Kaka alikuwa hajanipigia simu tangu siku ile. Utingo alikuwa na mzigo upande huo akatupakia, na mke wangu alikaa kati yetu na chupa ya uji miguuni kwa ajili ya sukari yangu.

Kaka alikuwa uani anamenya mihogo. Alisimama aliponiona natembea kumfuata, nikiyumba kidogo lakini bila magongo, akaniacha nifike.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Akautazama mguu, akatazama pembeni. "Umekuja."

"Nimekuja kukusalimia."

Tulikula. Tuliongea habari za korosho na za wajukuu, tukazunguka mbali na lile jambo. Baada ya chakula akaniambia, "Njoo." Nikamfuata mpaka nyuma ya nyumba. Akafungua mlango wa kile chumba cha uani.

Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya. Kizingiti kilikuwa kimevunjwa na kusawazishwa kwa saruji, mtu asijikwae. Kulikuwa na kitanda kifupi, godoro bado lipo kwenye nailoni yake, na karibu na mlango wa choo amepigilia bomba la chuma ukutani, la kushikia. Lilikuwa limepigiliwa vibaya, limeinama upande mmoja. Nilijua ni mkono wake mwenyewe, maana kaka hajawahi kupiga msumari ukanyooka.

Nilishika lile bomba, nikalijaribu. Lilikuwa imara.

"Nilikuwa naogopa," akasema nyuma yangu. "Marehemu baba alikufa na ugonjwa huo huo. Wewe hukuwepo, ulikuwa safarini. Mimi ndiye niliyemuona."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema anaogopa kitu.

"Chumba kizuri sana kaka," nikamwambia. "Nitakilalia nikija kukutembelea. Lakini sihami."

Akauliza, "Na yale maji?"

"Uje uyaone mwenyewe. Uje peke yako."

Akacheka kidogo, kwa pua tu.

Lori liliporudi kutuchukua, utingo alishuka kunifungulia mlango. Ngazi ya kichwa cha lori ni ndefu, na wakati wa kuja walinisukuma kutoka nyuma kama gunia. Nikaushika mkono wa mlango. Nikapandisha mguu mzima kwanza, nikajivuta, ule wa bandia ukaning'inia ukitafuta mahali. Utingo akanisogelea na mikono wazi.

"Mwache," kaka akasema. Alikuwa amesimama nyuma yetu na mfuko wa mihogo begani. "Mwache, atapanda."

Haikuwa kazi ya haraka. Kiatu cha mguu wa bandia kiligonga bati mara mbili tatu kabla ya kupata ngazi, na majirani walitoka kutazama. Nikajivuta tena, nikakaa. Nilikuwa nahema. Kaka akampa mke wangu mkono, akampandishia mihogo miguuni, akafunga mlango mwenyewe na kuupiga kofi kutuambia twende.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya adhuhuri, nilisikia hodi. Alikuwa kaka, peke yake, amevaa shati la kawaida.